Mfupa Kwenye Shingo ya Gitaa

Jumapili, 2 Machi

Daktari alinikataza kusema sana. Kuandika hakunikataza, kwa hiyo nimeanza.

Tezi la shingo lilitolewa Mbeya mwezi wa kwanza. Kabla ya kunilaza kitandani daktari alinieleza wazi kwamba mshipa wa sauti umepita jirani na tezi, na kwamba sauti inaweza kubadilika. Nilikubali, maana kumeza chakula kulishakuwa kazi. Sasa nameza vizuri, namshukuru Mungu. Sauti imerudi nusu. Naweza kufundisha, ila wanafunzi wangu wa darasa la nne inabidi wanyamaze ndipo wanisikie, na kwa kweli hawajawahi kunyamaza hivi tangu nianze ualimu. Kuimba siwezi. Nikipanda juu kidogo, hewa inatoka tupu.

Leo nimerudi kwenye kwaya kwa mara ya kwanza. Sehemu yangu kwenye wimbo wa mavuno, ile ya kuimba peke yangu, ameshapewa Elizabeth, binti mwenye kibanda cha kutolea pesa za simu pale njia panda. Baada ya ibada mwalimu wa kwaya, Jubilate, akanifuata. Ni afisa mifugo, kijana wa Kilimanjaro, serikali ilimleta huku Makwale mwaka juzi.

"Mama Asifiwe," akasema, "tumeonelea uwe mlezi wa kwaya."

Mlezi wa kwaya hukaa benchi la mbele na mkoba magotini, akachangia sare. Nilisema asante. Nyumbani nilipika bila kusema neno. Yohana, mume wangu, alidhani namtii daktari.

Jumatano, 5 Machi

Mvua.

Jumamosi, 8 Machi

Asifiwe amekuja kutoka Mbeya, anakofanya kazi kwenye duka la dawa. Mkononi mfuko mrefu mweusi. Nilidhani ni mwavuli mkubwa, kumbe gitaa la umeme, lile la bei nafuu la watu wanaoanza. Amelinunua kwa mwenzake aliyejaribu akashindwa.

"Si ulipiga gitaa chuoni?" akaniuliza.

"Lilikuwa gitaa kavu, na nilikuwa msichana."

"Nyuzi ni zilezile sita, mama. Wewe si wa kukaa mbele na mkoba."

Yohana alilizunguka kama mtu anayemkagua mbuzi wa mnadani. "Hili lina umeme?"

"Ndiyo, baba."

"Litatuunguza," akasema, akaenda kuangalia kokoa zake.

Jumanne, 11 Machi

Vidole vinauma. Vile vyuma vidogo vilivyopangwa kwenye shingo ya gitaa vina ncha kali pembeni, vinakwaruza mkono kila nikishuka. Nimefundisha hesabu leo nikiwa na plasta mbili.

Jumamosi, 15 Machi

Mpigaji wetu wa gitaa la solo alihamia Tunduma kwenye biashara tangu Krismasi, na nafasi yake iko wazi. Nimemwambia Jubilate naitaka. Alinitazama kidogo, si kwa dharau, kwa mshangao tu. Akasema nije na gitaa Jumamosi ijayo.

Jumamosi, 22 Machi

Nimejiaibisha, na nitaandika yote ili yatoke.

Nyumbani nililipatanisha gitaa uzi kwa uzi kwa kutumia simu. Nikafika mapema, nikachomeka kwenye spika ya kanisa, nikajaribu: safi. Kwaya wakaanza ubeti wa kwanza, kinanda kikiongoza, nami nikaingia. Mistari miwili nilikuwa mbinguni. Wa tatu nikasikia kitu kinateleza. Uzi wa pili umeshuka. Nikaukaza, ukakataa, kisha ukaruka juu kuliko ulipotakiwa. Tukaanza upya. Safari hii uzi wa tatu nao ukamfuata mwenzake. Spika inavuma kama nyuki. Watu wa sauti ya nne wakaanza kukohoa, na najua kikohozi cha mtu anayeficha kicheko, nimefundisha muda mrefu.

Elizabeth alikuwa amesimama mahali pangu, macho chini. Nilidhani naye anacheka. Nikamchukia hapohapo, ndani ya kanisa.

Jubilate aliwapa watu mapumziko, akainama karibu yangu.

"Mama, wewe hukukosea. Gitaa ndilo linalohama. Lakini siwezi kuwaambia waimbaji wote wahame nalo."

"Likitulia?"

"Likitulia njoo. Nitafurahi, nakuambia kweli. Ila Sikukuu ya Mavuno ni mwisho wa mwezi wa sita, na kabla ya hapo lazima nijue nina solo au sina."

Yohana alikuwa amekuja kunichukua kwa pikipiki kwa sababu ya mvua, akasimama mlangoni akayasikia yote. Nyumbani akapangusa mikono kwenye suruali, akaniomba gitaa. Ndiyo mara ya kwanza kuligusa. Yohana ni mkulima, lakini milango mingi ya Makwale ameitengeneza yeye. Akauzungusha ufunguo wa kukazia uzi wa pili polepole, sikio ameliweka juu kabisa ya shingo, pale nyuzi zinapopita kwenye kipande cha plastiki chenye mifereji.

"Sikiliza," akasema.

Nikasikia: tik.

"Uzi unakwama hapa. Unakwama, halafu unaponyoka. Ni kama mlango uliovimba kwa mvua, unausukuma haufunguki, ukifunguka unakuangusha. Na hizi funguo zenyewe zinacheza. Waliotengeneza walikuwa na haraka."

"Sasa?"

"Sasa tunabadilisha."

Alisema tunabadilisha. Nimeliandika neno hilo hapa kwa makusudi.

Jumatano, 26 Machi

Mvua. Kokoa hazikauki. Yohana amepitisha msasa kwenye zile ncha za vyuma jioni nzima. Mkono sasa unashuka kama kwenye sabuni.

Jumamosi, 29 Machi

Asifiwe ametuma funguo mpya sita kwa basi, na nyuzi mpya. Matundu ya zamani ni madogo kidogo kuliko funguo. Yohana ameyapanua kwa tupa ya mviringo, kidogo kidogo, akipuliza vumbi kila mara. Fundi wa muziki wa Mbeya alimwambia Asifiwe kwamba kipande kile cha plastiki kinaweza kuchongwa kwa mfupa wa ng'ombe, na kwamba mfupa ni bora zaidi. Yohana amekwenda kwa mchinjaji wa Ipinda akarudi na mfupa mzima wa muundi.

Jumapili, 30 Machi

Mfupa ulichemshwa, ukaanikwa kwenye jamvi pamoja na kokoa. Mbwa ameuchukua. Yohana amerudi kwa mchinjaji.

Jumamosi, 5 Aprili

Mfupa wa pili tulikausha juu ya jiko, umekuwa na rangi ya chai ya maziwa. Yohana ameukata, ameusugua, amechora mifereji sita kwa tupa nyembamba. Kwa nyuzi nene alitumia uzi wa zamani wenyewe kama msumeno, mbele nyuma. Tukafunga nyuzi. Uzi wa kwanza umezama mno, unagonga chuma na kulia kama nzi kwenye chupa. Nilitaka kumwambia si neno. Aliung'oa mfupa bila kuniangalia, akaanza kuchonga mwingine.

Jumatano, 9 Aprili

Umekubali.

Nimelipatanisha gitaa, nikapiga wimbo mzima, nikavuta nyuzi kwa nguvu makusudi, nikalipatanisha tena na hakukuwa na cha kupatanisha. Yohana alikuwa ameketi kwenye ngazi ya jikoni, vumbi la mfupa kwenye nyusi.

Nikamwuliza mbona anajisumbua hivi, yeye ambaye miaka yote ya kwaya hakuwahi kukanyaga mazoezini.

"Sikuhitaji kuja," akasema. "Ulikuwa ukifanya mazoezi hapa nyumbani, mimi niko kule kwenye kokoa nakusikia. Nilikuwa najua saa ya kurudi kwa wimbo uliokuwa umeufikia. Tangu mwezi wa kwanza shamba lile limekuwa refu."

Akaondoka kwenda kunawa.

Jumamosi, 12 Aprili

Kumebaki ule mvumo wa nyuki, na sauti nyembamba kama ya redio iliyo ndani ya kabati. Asifiwe alisema kwa simu, "Baba, nimewatumia pikapu tatu." Yohana akauliza atazilaza wapi gari tatu na uwanja wenyewe huu. Asifiwe alicheka mpaka simu ikakatika. Pikapu za gitaa ni vile vipande vya sumaku vilivyozungushiwa waya chini ya nyuzi. Ndivyo vinavyosikiliza uzi na kuupeleka kwenye spika.

Hizo si kazi ya useremala. Nimezipeleka pamoja na gitaa Kyela mjini kwa Anyelwisye, mwanamke anayetengeneza redio na simu kwenye kibanda cha mabati nyuma ya soko.

"Mugonile, mwalimu," akanisalimu. Akalifungua gitaa, akachungulia ndani. "Sikufichi, gitaa sijawahi kulitengeneza. Ila waya ni waya. Niachie, nichore kwanza zinavyopita kabla sijakata."

Nilimpenda kwa kusema hivyo. Nimemwachia.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua haijapumzika tangu juzi. Shule tumefunga mapema, watoto wa ng'ambo ya mto wasije wakakwama.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Barabara imekatika mbele ya Ipinda. Wanasema mjini maji yameingia mpaka sokoni. Simu ya Anyelwisye haipatikani.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Nimekaa benchi la mbele. Na mkoba.

Elizabeth aliimba peke yake ubeti wa Pasaka. Ana sauti nzuri kuliko nilivyotaka iwe. Lakini mwisho wa mstari mrefu pumzi ilimwishia, akaukata kabla haujafika. Nilifurahi. Niko kanisani, siku ya Pasaka, nafurahi kwa jambo kama hilo. Nikainama nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Jumamosi, 26 Aprili

Barabara imefunguka jana, leo tumekwenda, mimi na Yohana.

Njia nzima nilikuwa nikiliona gitaa kwenye tope. Niliona shingo imepinda, mfupa wa Yohana umeng'oka. Soko lilikuwa linanuka samaki na udongo. Watu wametoa kila kitu nje, magodoro, mabegi ya shule, magunia ya mchele uliovimba ukapasua nyuzi za gunia. Anyelwisye alikuwa ndani ya kibanda, sketi ameifunga magotini, anakwangua tope sakafuni kwa kipande cha bati. Alama ya maji ukutani ilikuwa juu ya meza yake ya kazi.

Nikasema, "Gitaa langu?"

Hata salamu sikutoa. Neno lilishatoka nikaona redio za watu zimepangwa nje kwenye kirago, nyingi, zimejaa matope, na simu zimefunguliwa matumbo kama samaki. Alinyoosha kidole juu. Gitaa lilikuwa limening'inia kwenye msumari chini ya paa, kavu, na vumbi lake.

"Bahati yake," akasema. "Ule ndio msumari uliokuwa wazi. Ningejua maji yanakuja ningepandisha redio, ndizo nyingi."

"Pole, dada yangu. Nisamehe, nimeanza na gitaa."

"Wote mnaanza na chenu," akasema, bila hasira. "Mimi nilianza na meza. Pikapu zako zilikuwa kwenye droo, zimekunywa tope. Nimezisuuza, nimezizika kwenye mchele nyumbani. Mchele wenyewe mama hataki kuupika tena."

Yohana alishaokota koleo. Tumeshinda pale. Yeye alitoa tope, mimi na Anyelwisye tuliosha redio moja moja kwa mswaki na maji safi, tukaziweka juani, maana jua lilikuwa limetoka, kali, kama halikuhusika na lolote. Aliniambia ni mtoto wa mwisho, kwamba kazi hii aliifuata kwa kaka yake aliyekwenda Dar, na kwamba wateja wengine wakimkuta yeye huuliza fundi yuko wapi. Mchana tulikula ndizi kwenye ndoo iliyogeuzwa. Nyumbani nimefika na tope mpaka masikioni, na nimelala vizuri.

Jumamosi, 3 Mei

Pikapu mbili zimepona, moja imekufa. Anyelwisye ameweka mbili mpya pembeni, ya zamani akairudisha katikati. Tukachomeka kwenye spika ya jirani yake muuza kanda za nyimbo. Sauti ikatoka nene, tamu, yenye tumbo. Na nyuki wakatoka nayo.

Alifungua tena. Alikagua mchoro wake wa kwenye boksi, akakagua waya, akakagua mchoro. Mwishowe akapiga paja lake. Kuna waya mdogo unaounganisha lile daraja la chini linaloshika nyuzi na waya mkuu wa kuchomekea. Aliukata mwenyewe alipofungua, akasahau kuurudisha. Akauchomelea, moshi ukapanda, tukachomeka.

Kimya. Kisha nikagusa uzi, na uzi peke yake ndio uliosema.

"Ndaga fijo," nikamshukuru.

"Nimejifunza kwa gitaa lako," akasema. "Lingine likija sitasahau."

Jumamosi, 10 Mei

Mazoezi. Gitaa halikuhama. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu, halikuhama. Hakuna aliyekohoa. Jubilate hakunisifu, alichukua kiti changu akakisogeza mbele, karibu na waimbaji wa sauti ya kwanza, akasema, "Hapa utamsikia Elizabeth vizuri, na yeye atakusikia." Kisha tukaendelea.

Jumatano, 14 Mei

Tumeanza kuvuna mpunga. Mgongo.

Jumatatu, 19 Mei

Mgongo.

Jumamosi, 24 Mei

Manyunyu ya asubuhi tu, mchana jua. Kokoa zinakauka sasa. Nimepiga gitaa barazani, Yohana amerudi kutoka shambani mapema akasema amesahau panga. Panga lilikuwa mkononi mwake.

Jumamosi, 14 Juni

Wimbo wa mavuno una mstari unaosema: Mvua ni yako, jua ni lako, na sisi tuliopo katikati ni wako. Unaimbwa kwa pumzi moja, unapanda mpaka mwisho. Mazoezi yote Elizabeth anaukata kwenye "katikati". Jubilate amemrudisha mara nyingi leo, mpaka binti akatoka nje.

Nilimkuta nyuma ya kanisa ananawa uso kwa maji ya chupa. Aliponiona akapiga goti kunisalimu, kama kawaida yake. Hilo goti nilikuwa nikiliona la kujionyesha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Nilimwambia mwalimu toka mwanzo hii sehemu siiwezi. Akasema hakuna mwingine. Watu wananiona nimekunyang'anya. Kila nikifika pale juu nakuona wewe umekaa, napotea."

Nilijua ni watu gani waliomwona hivyo. Mmoja wao alikuwa amesimama mbele yake na gitaa begani.

"Hukuninyang'anya," nikasema. "Lilikuwa tezi." Akacheka kidogo na mimi nikacheka, ila kicheko changu siku hizi ni hewa tu. Tukarudi ndani. Akaukata tena palepale.

Jumapili, 29 Juni

Sikukuu ya Mavuno. Kanisa lilijaa, wengine wamesimama madirishani. Mbele ya madhabahu mpunga, mikungu ya ndizi, maganda ya kokoa ya njano, kuku aliyefungwa miguu. Asifiwe amekuja. Anyelwisye pia amekuja kutoka mjini, na gauni la kitenge, akaketi karibu na spika kama mganga aliyekuja kumwona mgonjwa wake. Yohana alikuwa upande wa wanaume, safu ya pili. Kwa kawaida yeye hukaa mlangoni.

Tulianza vizuri. Nilikuwa na hofu, lakini vidole havikuwa nayo. Ukafika ubeti wa Elizabeth. Kinanda kikanyamaza, waimbaji wakanyamaza, tukabaki wawili: yeye anaimba, mimi chini yake taratibu. Mvua ni yako. Jua ni lako. Nikamwona bega linapanda, nikajua pumzi inakwisha, najua mstari huo kuliko ninavyojua njia ya kwangu. Akafika "katikati", akakatika.

Sikufikiri. Uzi wa kwanza ulikuwa chini ya kidole, nikaupokea mstari pale alipouacha, nikaupandisha mpaka juu, nikauacha ulie. Elizabeth alishavuta pumzi, akaingia na neno la mwisho juu ya sauti ya gitaa, na waimbaji wote wakatuangukia kwa nyuma. Watu walidhani ndivyo ulivyotungwa. Mama mmoja alipiga vigelegele. Jubilate, aliyekuwa akituongoza, alijua. Mikono yake ilisimama hewani kidogo kabla haijaendelea.

Baada ya ibada akanishika mkono kwa mikono miwili. "Mama Asifiwe, ile ya ulezi tuliyosema."

"Tafuteni mwingine," nikamwambia.

"Ndicho nilichotaka kusema."

Jumatano, 2 Julai

Shule bado imefungwa kwa likizo. Tulianika mpunga uwanjani, Yohana amekaa na fimbo kufukuza kuku. Saa za kabla ya mchana akaja Elizabeth, ameacha kibanda kwa mdogo wake. Hakuzunguka.

"Mama, nifundishe pale ulipokuwa unavuta pumzi. Sitaki unibebe tena."

Nilijaribu kumweleza kwa maneno, lakini pumzi haielezeki kwa maneno, na kwa sauti yangu hii siwezi kumwonyesha. Nikaingia ndani nikatoa gitaa. Halikuwa na spika, likalia dogo, tukasogeleana kama watu wanaoambiana siri. Nikaupiga mstari kama nilivyokuwa nikiuimba. Baada ya "ni lako" nikauinua mkono kwenye nyuzi, kidogo sana, ukubwa wa kupepesa jicho.

"Hapo?" akauliza. "Si watasikia?"

"Hawakuwahi kusikia."

Akajaribu, akakosa. Akajaribu tena. Nikampigia polepole zaidi, na kila nilipoinua mkono nikamwashiria kwa kichwa. Mara ya tano au ya sita sikuwa nahesabu tena, nilisikia tu pumzi ikiingia mahali pake, fupi, ya wizi, na mstari ukaendelea kupanda, ukapita "katikati", ukafika juu, ukakaa huko, wala haukutetemeka. Nilikuwa nimeacha kupiga. Ilikuwa sauti yake, si yangu, na nilikuwa nikiifurahia kila hatua.

Nilipotazama uwanjani, Yohana alikuwa amesimama na fimbo yake ameiegemea, uso ameuelekeza kwetu. Kuku walikuwa katikati ya jamvi wanakula mpunga, na hakuna aliyewafukuza.